Mafundi wa Njia ya Tarakea

Kosta ya Moshi kwenda Tarakea ina mengi ya kutazama: mikungu ya ndizi kwenye keria, ndoo zilizofungwa kanga, gunia la vitunguu linalolaliwa na mtoto, konda aliyening'inia mlangoni akihesabu vichwa. Kisichotazamwa ni stika ndogo iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Inataja gari, njia linayoruhusiwa kupita na tarehe ya leseni kuisha. Abiria hupanda bila kuisoma. Trafiki akisimamisha gari pale Himo huitupia jicho mara moja, kisha anaendelea na matairi.

Mimi huisoma kila nikipanda, kwa sababu najua kilicho nyuma ya yale maneno machache. Kuna mtu ofisini Moshi aliyelazimika kujibu maswali magumu kabla ya kuandika "Moshi – Tarakea". Magari mangapi yanaitosha njia hii? Tripu ya kwanza iondoke saa ngapi ili mfanyabiashara wa Mkuu awahi mjini na kurudi mchana? Gari likiruhusiwa kuishia Mkuu, watu wa Mashati na Useri watapanda nini jioni? Na likilazimishwa kufika Tarakea kila mara, atakayewabeba wa Mwika alfajiri ni nani, ikiwa kila gari linapita limejaa? Kugawa njia ni ufundi, tena ufundi ambao hauna jukwaa. Ukifanywa vizuri hakuna anayeuona. Ukifanywa vibaya, watu wanalala stendi.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba ufundi huu umehamishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, umebadilishiwa sheria, muhuri na bosi, na kosta imeendelea kupanda mlima asubuhi yake. Tangu 1973 kazi ya kutoa leseni za magari ya abiria nchini imepita kwenye mikono ya taasisi tatu. Wengi wetu tulijua mabadiliko yale kupitia magazeti tu.

Ili kuelewa ugumu wa ufundi huu, lazima uielewe Rombo, ambako njia hii inapita. Wilaya hii imekaa kama upande wa paa. Juu kabisa ni msitu na mlima, chini yake kihamba chenye migomba na kahawa, chini zaidi mashamba ya mahindi na alizeti, halafu Kenya. Makorongo yanashuka kutoka mlimani na kukata vijiji vipande vipande, kiasi kwamba jirani yako wa ng'ambo ya korongo unamwona akianua nguo lakini kumfikia ni safari. Lami yenyewe inakata makorongo hayo kwa ubavu: Himo, Marangu Mtoni, Mwika, Mamsera, Mengwe, Mkuu, Mashati, Useri, hadi Tarakea kwenye baridi na harufu ya mbao za misonobari. Kutoka hapo mpaka ni pua na mdomo, na ng'ambo yake ni Illasit na Loitokitok.

Maana yake ni kwamba basi linakwenda mlalo huku watu wengi wakiishi wima. Bibi aliye juu kihambani hushuka kwa miguu au kwa bodaboda hadi barabarani, akiwa na mkungu wake, na pale ndipo safari yake inapoingia kwenye daftari la serikali. Afisa anayepanga njia kwa kutazama ramani ya barabara pekee ataona mstari mmoja wa lami na kudhani kazi ni rahisi. Fundi hujua siku za soko. Hujua kwamba siku ya soko la Mwika au la Loitokitok mahitaji hugeuka juu chini, magari yanajazwa na mizigo kabla ya watu, na kosta ambayo jana ilisubiri abiria hadi jua kali leo imejaa kabla konda hajamaliza chai.

Sheria ya Leseni za Usafirishaji ya 1973 ilikuja wakati serikali ilikuwa imetangaza sera ya Madaraka Mikoani mwaka mmoja kabla. Iliweka mamlaka kuu ya leseni na, chini yake, mamlaka za mikoa. Wazo la kumtaka mwenye basi aombe njia maalumu lilikuwa la kikoloni. Uingereza ilikuwa na makamishna wa usafiri wa maeneo tangu sheria yao ya 1930. Lakini kuiweka kalamu mkoani ilikuwa na faida ambayo sidhani tuliithamini vya kutosha. Waliokuwa wanajadili njia ya Rombo walikuwa watu waliokwisha kukwama Rombo kwenye tope. Barabara ya wakati huo ilikuwa ya udongo, na msimu wa masika ulikuwa unaamua ratiba kuliko kamati yoyote.

Ilikuwa pia enzi ya mashirika ya umma. Kampuni ya Mabasi ya Taifa, KAMATA, ilikuwa barabarani, mikoa ikawa na kampuni zake za uchukuzi, na vyama vikuu vya ushirika, KNCU cha Kilimanjaro kikiwemo, vikavunjwa 1976. Magari yaliyoharibika yalikosa vipuri. Halafu Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, na Tarakea, ambayo kwa asili yake ni mahali pa kupita, ikageuka kuwa mwisho wa njia. Mpaka ulikaa umefungwa hadi 1983. Fikiria kazi ya mpanga njia hapo: kituo kimoja kinapoteza nusu ya sababu ya watu kukiendea, lakini watu wenyewe hawajahama, wana wagonjwa wa kupeleka hospitali na watoto wa kupeleka shule. Miaka sita baadaye mlango unafunguliwa, na mahitaji yanarudi kwa sura nyingine.

Nchi nyingine zilipofika kwenye uchovu wa mashirika ya umma ziliamua kuitupa kabisa leseni ya njia. Uingereza ilifanya hivyo Oktoba 1986 kwa mabasi yote ya nje ya London. Kampuni iliyotaka njia ilijiandikisha na kuanza. Sisi tulifungua mlango kwa magari ya watu binafsi lakini tukaiacha leseni ya njia mahali pake. Kuna wachumi watakaokwambia hilo lilikuwa kosa. Mimi nikitazama mlima huu naona lilikuwa na busara. Bila leseni, kila gari lingekimbilia kipande cha Moshi hadi Himo, ambako abiria hawakosekani, na Tarakea ingebaki na gari la kwanza na la mwisho.

Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri wa Nchi Kavu na Majini, SUMATRA, ilianzishwa kwa sheria ya 2001 na ikaanza kazi 2004. Kalamu ikahama kutoka mamlaka za mikoa kwenda chombo kimoja cha taifa chenye ofisi mikoani. Mwaka huohuo wa 2004 jirani zetu wa Kenya walikuwa na mtikisiko wao: kanuni za waziri John Michuki ziliilazimisha kila matatu kuwa na mikanda, kidhibiti mwendo na mstari wa njano ubavuni, na kwa siku kadhaa Nairobi ilitembea kwa miguu. Baadaye wakaunda mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, kwa sheria ya 2012. Pale Tarakea ulikuwa unaweza kusimama na kuona shule mbili za udhibiti zikitazamana: ng'ambo, amri moja ya kishindo, huku, mabadiliko ya polepole yaliyoingia kwa njia ya fomu. Sisemi yetu ilikuwa bora kila mahali. Mikanda ya Michuki iliokoa watu. Ila polepole yetu iliacha nafasi ya ofisi kujifunza, na kwenye njia yenye kona na makorongo kama ya Rombo kujifunza ni jambo kubwa.

Kujifunza kwenyewe kulitoka stendi. Kabla afisa yeyote hajaandika ratiba ya Tarakea, stendi ilikuwa na zamu yake. Gari lililolala kwanza ndilo linalopakia kwanza. Likijaa linatoka, la pili linasogea. Aliyekosa zamu yake kwa sababu ya pancha anaruhusiwa kuirudia kesho, au anaiuza kimyakimya. Msimamizi mwenye daftari lililokunjika pembe ndiye hakimu, na ukimwuliza anakuhesabia magari kwa kumbukumbu, na majina ya madereva, na deiwaka aliyeshika gari la nani wiki hii. Mfumo huu una mantiki nzuri na kasoro moja kubwa: gari husubiri kujaa, na mwenye haraka hana pa kulalamikia. Mamlaka iliyoingia na ratiba kavu, gari liondoke saa kumi na mbili hata kama lina watu wanne, ingevunjwa ndani ya wiki moja, kwa sababu dereva ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni. Mamlaka iliyofanya kazi ni ile iliyoichukua zamu kama ilivyo, ikashika mambo mawili tu na kuyakazia: gari lifike mwisho wa njia yake, na abiria asifaulishwe njiani kwenye gari jingine kwa sababu konda ameona wamebaki watatu.

Kukatisha njia ndiyo dhambi kuu ya barabara hii. Gari lenye leseni ya Tarakea linafika Mkuu, abiria wengi wanashuka, dereva anapiga hesabu ya mafuta na kusema gari lina hitilafu. Mama mwenye mfuko wa sukari anabaki stendi ya Mkuu saa moja usiku. "Mwanangu, si ulisema Tarakea?" "Mama, gari limechemsha, ngoja hiyo nyuma inakuja." Kila mtu anajua gari halijachemsha. Hapa ndipo stika ile ya kwenye kioo inapopata meno. Neno "Tarakea" limeandikwa, na aliyeandikiwa anaweza kuadhibiwa kwa neno hilo.

Kuhusu magari madogo, ofisi ilichukua muda mrefu zaidi kukubali. Noah zilianza kubeba abiria upande huu wa kaskazini bila kumwomba mtu ruhusa, zikafukuzwa, zikarudi, zikafukuzwa tena. Huko Kanda ya Ziwa magari ya namna hiyo watu huyaita mchomoko, na historia yake ni ileile. Wenye kosta walilalamika, na walikuwa na haki: Noah inachukua abiria saba wa haraka na kuiachia kosta wazee na magunia. Lakini Noah inapanda kwenye vijiji vya juu ambako kosta haigeuki. Jibu lililopatikana kwa miaka ni kuyaruhusu magari madogo kwa masharti, mahali penye uhaba wa usafiri. Bodaboda na bajaji nazo zilipopatiwa kanuni mwaka 2010, leseni zake ziliachiwa halmashauri. Nauona kuwa uamuzi wa fundi anayejua kipimo cha patasi yake. Ofisi ya mkoa haiwezi kujua bodaboda zinazosimama chini ya mti fulani Useri. Halmashauri inaweza, au walau ina mtendaji wa kijiji anayejua.

Kisha ikaja 2019. Sheria Namba 3 ya mwaka huo iliivunja SUMATRA na kuanzisha Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, kuanzia tarehe 29 Aprili. Mambo ya majini yalikuwa yamekwisha kuhamia kwenye shirika la uwakala wa meli, TASAC. Kwa mtu wa Tarakea, aliye mbali na bahari kuliko alivyo mbali na theluji, kuondolewa kwa meli hakukuwa na uzito wowote. Lakini hebu tazama kazi iliyofanyika ndani. Kila leseni iliyokuwa hai ilitolewa na chombo ambacho sasa hakipo. Kila kesi, kila deni la faini, kila ombi lililokuwa mezani lilihitaji mrithi. Makabidhiano ya namna hii ndiyo mahali ambapo taasisi nyingi hupoteza kumbukumbu zake: faili linahama bila mtu aliyeliandika, na mgeni anayelifungua haoni kwa nini njia fulani ilipewa magari machache. Kwenye njia ya Rombo leseni ziliheshimiwa hadi muda wake ulipoisha, stika mpya zikaingia kila moja kwa wakati wake, na sijakutana na abiria anayeikumbuka siku ile. Mwishoni mwa mwaka huohuo treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi baada ya miaka mingi, nayo ikawa chini ya mdhibiti huyohuyo.

Maombi ya leseni yamehamia kwenye mfumo wa mtandao wa RRIMS. Zamani mwenye gari wa Rombo alipoteza siku nzima kwenda Moshi na kurudi. Sasa anaweza kwenda kwenye duka la steshenari, mahali panapochapishwa pia barua za kuomba kazi na programu za misiba, na kijana anamjazia fomu. Sina shaka kwamba ni nafuu. Nina wasiwasi mmoja tu: afisa aliyekuwa anamwona mwombaji usoni alikuwa anamuuliza maswali ambayo fomu haiulizi.

Nauli ndiyo sehemu ambayo hesabu za Dodoma na mfuko wa konda hukutana uso kwa uso. Mdhibiti hupanga nauli kikomo kwa kilomita. Kwa mabasi ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 36.89 kwa abiria kwa kilomita moja hadi 2022, ikapanda kuwa 41.29 mwezi Mei mwaka huo, kisha 48.47 kuanzia Desemba 2023. Chukua kilomita 100 kwa urahisi wa hesabu, ambazo haziko mbali na umbali wa Moshi hadi Tarakea. Inakuwa shilingi 3,689, halafu 4,129, halafu 4,847. Sasa mwambie konda adai shilingi 4,847 kwenye kosta iliyojaa, gizani, kona za Mamsera. Hana chenji ya hivyo, na hakuna aliye nayo. Kwa hiyo kuna kuzungusha, na kuzungusha huelekea juu isipokuwa mtu asimame na kusema. Baraza la ushauri la watumiaji, LATRA CCC, lipo kwa ajili ya huyo anayesimama, na kabla ya nauli kubadilishwa hufanyika mikutano ya kukusanya maoni ya wadau ambako wenye mabasi huja na bei za dizeli na matairi, na abiria huja na hasira. Zamani hesabu ilikuwa na utata zaidi, maana barabara ya vumbi ilikuwa na kiwango chake cha juu kuliko cha lami. Lami ilipofika Tarakea wenye magari walipata barabara nzuri na wakapoteza hoja nzuri kwa pamoja.

Vifaa vya kufuatilia mwendo wa mabasi, VTS, vimeleta macho mengine. Dereva wa basi la masafa marefu akizidisha mwendo, ofisi inaona na kifaa kinapiga kelele ndani ya gari. Nimesikia madereva wakikilaani kile kidude na nimesikia abiria wakikishukuru, mara nyingine kwenye gari moja. Kwa mteremko wa kutoka Marangu kuelekea Himo, mimi niko upande wa abiria.

Ila ukitaka kuuona ufundi wote mahali pamoja, subiri Desemba. Mchagga popote alipo anarudi nyumbani Krismasi. Kariakoo hupungua maduka yaliyo wazi, na kituo cha Magufuli pale Mbezi hujaa watu wenye mabegi, mabati, na televisheni iliyofungwa kwenye blanketi. Mabasi yenye leseni ya Moshi na Rombo hayatoshi hata yakilala barabarani. Kwa mwaka mzima leseni ni kitu kigumu. Sasa lazima ilegezwe kwa wiki chache bila kuvunjika. Ndipo vinatoka vibali vya muda. Gari la njia nyingine linakaguliwa, linaandikiwa njia, linaandikiwa tarehe ya kuanza na ya kuisha, na linapanda kaskazini.

Ugumu uko kwenye idadi. Ukitoa vibali vichache, wapiga debe wanapandisha nauli na mtu analipa mara mbili ya kikomo ili ale mbuzi na baba yake. Ukitoa vingi, umeziondoa kosta kwenye njia za Dar es Salaam, na mfanyakazi asiyekwenda popote anakosa gari la kumpeleka kazini. Kisha kuna jambo ambalo wenye magari hulirudia kila mwaka: gari linapanda limejaa, linashuka tupu. Mafuta ya kurudi hulipwa na nani? Hoja yao ni ya kweli, na bado haiwapi ruhusa ya kuvuka kikomo. Afisa anayesimama stendi saa tisa usiku, akiwa na tochi na orodha, akimrudishia abiria nauli iliyozidi mbele ya konda aliyenuna, anaamua kesi hiyo papo hapo, gari baada ya gari.

Januari mambo yanageuka. Kosta zilizoshuka tupu sasa zinahitajika huku juu. Tarakea, Useri na Mkuu zinaamka kabla ya jogoo. Kila mzazi anatafuta siti ya mwanafunzi anayerudi shule na nafasi ya kiroba cha mahindi chini ya siti hiyo. Vibali vingi vimekaribia kuisha. Afisa wa Moshi anafungua tena orodha, anahesabu magari yaliyobaki mlimani, na simu zinaanza kuingia kutoka stendi moja baada ya nyingine zikiuliza kama tarehe zinaweza kusogezwa siku mbili mbele.